Siku Niliyohama Upande wa Nkwabi

Kwetu mashindano ya kuimba hayana majaji. Baada ya mavuno waimbaji wawili huwekwa kwenye uwanja mmoja, huyu mwisho huu, yule mwisho ule, wakaanza kwa pamoja. Watu husimama kwa anayewapendeza, wakimchoka, wanahama. Anayebaki na watu ndiye mshindi. Nimeyaona hayo tangu utotoni na sikuwahi kufikiri kwamba kuhama kunaweza kumuumiza mtu.

Mwanangu Nkwabi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupeleka rege na dancehall kwenye mashindano hayo, pale Kagongwa. Watu walicheka. Wapinzani wake walikuja na ngoma, wachezaji arobaini na chatu. Yeye alikuja na spika mbili na rasta zilizofika kiunoni. Mwaka ule wa kwanza uwanja mzima ulihamia kwake, hadi wazee wafugaji walikuwa wanarukaruka.

Alianzia kwaya ya parokia, Ushirombo. Mwalimu wa kwaya, Mzee Ansgar, alimfukuza kwa sababu kila wimbo aliupeleka kwa mwendo wa rege, hata wa Ijumaa Kuu. Alikuja nyumbani kunieleza. "Mama Nkwabi, sauti anayo. Lakini Yesu anasulubiwa, yeye anacheza."

Nilicheka alipoondoka. Kisha nilimwita kijana, nikamwambia muziki haulishi mtu.

Mimi ni afisa kilimo, nina diploma, nimezunguka na pikipiki kwa wakulima wa tumbaku Ushetu miaka kumi na tisa. Nikaona namsaidia. Nilimpigia kaka yangu Ngassa, ambaye alikuwa na karasha huko Geita, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Nkwabi alisaga mawe makavu miaka mitatu. Akija likizo, kope zilikuwa nyeupe. Alisema wanajifunga shati puani. Wakulima wangu nawafokea wasipoziba pua wakati wa kupulizia dawa. Mwanangu sikumfokea. Nilifurahi kwamba ana kazi.

Aliiacha kazi hiyo aliporekodi wimbo wake wa kwanza. Miaka mitano akawa wa watu wote. Kila bodaboda kutoka Isaka hadi Ushirombo ilipita na sauti yake. Aliimba Mwanza, aliimba Kigali. Kisha akaanza kukohoa.

Daktari alinionyesha picha ya kifua. Mapafu yalikuwa yamejaa makovu ya vumbi la mawe, na makovu hayo hayaondoki. Alikuwa ameshatema damu mara mbili. Daktari alisema akiendelea kuimba kwa nguvu, siku moja damu haitasimama. Nkwabi alimsikiliza kwa adabu, akashukuru. Wiki iliyofuata akaandikisha jina kushindana na Magesa, manju mkubwa wa ngoma upande wa Kahama.

Nilimwambia aache. Alinijibu taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto.

"Mayu, siwezi kushuka watu wakiwa wamesimama mbele yangu. Watu wakiisha, nitashuka."

"Na ukiisha wewe kwanza?"

Alicheka mpaka akakohoa.

Siku ilipofika, walianza saa nane mchana. Nilisimama mbele kabisa, pembeni ya jukwaa, na jirani yangu Anisia. Wimbo wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili pia. Katikati ya wa tatu alitugeuzia mgongo, akainama, watu wakapiga miluzi wakidhani ni mbwembwe. Mimi nilikuwa pembeni, niliona kitambaa. Alikikunja kikiwa chekundu, akakitia mfukoni, akageuka akaendelea. Nilimpungia mkono ashuke. Alitikisa kichwa, akaonyesha watu kwa kidole.

Walikuwa mamia. Magesa kule alikuwa na vikundi vya watu wanaokula mihogo.

Nisingeweza kumburuta mwanamume wa miaka thelathini na moja. Wala nisingeweza kuzima spika. Vijana wake wangenizuia. Kilichokuwa kinamshikilia pale ni watu.

Nilimwambia Anisia tuhame. Akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwacha. Nilipita katikati ya uwanja, polepole, nikiwa na kitenge cha njano, nionekane. Sijafika nusu, nikasikia mwanamke nyuma yangu akisema, "Mama yake mwenyewe kahama." Sikugeuka. Baadaye nikasikia miguu, michache kwanza, kisha mingi.

Magesa aliniona nikifika. Manju hapotezi nafasi ya namna hiyo. Alitunga papo hapo: hata ziwa lililomnyonyesha limemkimbia. Watu walicheka sana. Nikapiga makofi pamoja nao. Upande wa pili spika zikanyamaza.

Nilimkuta Nkwabi amekaa nyuma ya jukwaa lake, kitambaa mdomoni.

"Nilikosea wapi, mayu?"

Nilijua nikimwambia ukweli, mwaka ujao atapanda tena. Nikamwambia amechuja, kwamba Magesa alikuwa bora. Aliniamini. Maisha yangu yote sijawahi kumsifia mtu bure, na yeye alilijua hilo.

Alinyoa rasta wiki ile. Aliishi miezi mingine kumi na minne. Hakuimba hata bafuni. Vijana wake walimletea midundo mipya, akawaambia wamtafute mwingine. Mimi niliwahesabia watu siku alizokaa bila kutema damu, nikajiona nimeshinda.

Mwishoni alikuwa hawezi kutembea hadi mlangoni. Pumzi zilikuwa fupi, maneno mawili, anapumzika. Mchana mmoja nikiwa namlisha uji, nilimwambia. Kwamba Magesa hakuwa bora, kwamba wimbo wa tatu ulikuwa mzuri kuliko yote aliyowahi kuimba, kwamba nilihama ili ashuke.

Alifumba macho. Nilidhani amesinzia.

"Nilidhani nimesahau kuimba," akasema. Akapumzika. "Miezi yote hii."

"Ungekufa palepale, ng'wanawane."

"Najua."

Akageukia ukutani. Uji uliobaki niliurudisha jikoni. Siku nne zilizofuata alinipa shikamoo kila asubuhi, nami nikaitikia marahaba, na ndiyo yote tuliyozungumza. Siku ya tano nilisimama kando ya kitanda chake, kifua chake kimetulia, nikisubiri shikamoo.