Mstari wa Svetozar

Desanka alikuwa amechoka hata kabla ya kuvua koti. Sanduku jipya lilikuwa mezani tayari: springi, skrubu, vifyatulio na makomeo ya bunduki za vita vya babu zao, vyote vimerundikwa pamoja kama viazi. Kazi yake ilikuwa kusema kila kipande kimetoka kwenye bunduki gani. Vukašin, mpwa wa marehemu mumewe na mwenye duka la silaha kuukuu, alimpa kazi hiyo wiki moja baada ya maziko. "Mke wa Svetozar hahitaji mtihani," alisema, na kwa jina hilo Desanka alikuwa akiishi mwaka wa tatu sasa.

Svetozar aligonga namba kwenye karakana ya jeshi miaka thelathini. Komeo, chuma kinachofungia risasi ndani, hubeba namba ya bunduki yake; likihamishiwa bunduki nyingine, namba ya zamani haifutwi: inapigwa mstari mmoja, mpya inagongwa chini yake. Anayefuta ni mwizi, alizoea kusema wakiwa mezani, supu ikipoa.

"Shangazi, liache hilo sanduku," Vukašin alisema, akimwekea kahawa. "Niangalizie komeo hili. Namba ni ile ile ya bunduki yake. Watu wa makumbusho wanaitaka nzima, kama ilivyotoka kiwandani. Wewe sema tu ndiyo, tukanywe."

Desanka akalisogeza dirishani. Namba zilikuwa safi mno. Chini ya kidole chuma kilibonyea kidogo, pale tupa ilipopita kufuta namba ya zamani. Na ile nne ilikuwa imelala kushoto. Nne zote za Svetozar zililala kushoto tangu mashine ilipomponda kidole gumba.

Akakumbuka ile baridi mishahara iliposimama, na jiko jipya lililoingia nyumbani, na yeye hakuuliza fedha zilitoka wapi. Alimwonea huruma, na alimkasirikia, na hakuwa na nguvu za kutosha kwa yote mawili.

"Bandia," alisema.

"Mbona limegongwa vizuri hivyo? Fundi gani huyo?"

Angeweza kusema hajui.

"Mjomba wako Svetozar."

Vukašin akacheka, kisha akaacha. "Basi tunyamaze, Shangazi. Tumsitiri marehemu. Nani atajua?"

Desanka alilibana komeo kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, akachukua tindo na nyundo, akapiga mstari mmoja juu ya namba, polepole.

"Shangazi, umeniua. Ndiyo nini sasa?"

"Namalizia kazi yake," alisema, akalivuta sanduku la springi karibu.