Dirisha Jeusi la Mama Chapa

"Mama, mtandao wa huko umezidi kusumbua," mwanawe alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. "Kila Jumapili unatukata. Labda tuwe tunaandikiana tu. Nitakutumia ujumbe, nawe utanijibu ukipata nafasi."

Kabla hajafungua mdomo, uso wa kijana uliganda kwenye kioo cha kompyuta, jicho moja limefumba, kisha ukatoweka.

Nafasi alikuwa nayo tele, kuanzia sebuleni hadi jikoni. Majirani walimwita Mama Chapa kwa sababu alikuwa amemaliza umri wake wa kazi akipiga chapa barua za wakubwa. Mumewe alikuwa amefariki, na mtoto wake wa pekee alikuwa amehamia mbali kikazi. Simu ya Jumapili alasiri ndiyo iliyobaki. Kuandikiana hakukumtosha. Alikuwa amechapa barua nyingi mno za watu hata akajua ni mengi kiasi gani yanayoweza kufichwa ndani ya barua nzuri.

Alipiga simu kwenye kampuni ya intaneti. Dada wa huduma akamwambia laini yake haina tatizo, lakini kama ana ushahidi autume. Ndipo akaenda kwa Fundi Waya, kijana mwembamba aliyetengeneza simu pale kwenye kona. Ni yeye aliyemwekea mfumo wa Linux kwenye kompyuta yake ilipozeeka na kuanza kujikongoja.

"Kuna programu ya kuchunga mtandao," fundi alisema bila kuinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa ameifumua. "Inaonyesha kinachoingia na kinachotoka. Ila haina picha wala vitufe. Ni dirisha jeusi na maandishi matupu."

"Mimi nimekula kwa maandishi miaka yote."

"Basi mtaelewana. Lakini haibembelezi mtu, mama. Ukikosea herufi moja inakununia."

"Nimefanya kazi na mabosi wa namna hiyo."

Akamwandikia anwani ya ukurasa wenye maelekezo, naye akarudi nyumbani kuanza.

Vidole vyake vilikuwa bado vyepesi, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Kila amri aliianza kwa herufi kubwa na kuimaliza kwa nukta, kama barua kwa mkurugenzi. Kompyuta ikamjibu kwamba haiijui amri hiyo. Alipogundua kosa, akaombwa nywila. Aliandika, na hakuna hata alama moja iliyotokea kwenye kioo. Akadhani vitufe vimekufa. Akavifuta vumbi kwa pamba, akajaribu tena, na tena, mpaka aliposoma mahali kwamba ndivyo inavyokuwa: nywila haionekani, na mtu anatakiwa kuendelea kuandika tu kana kwamba kuna anayesikia.

Siku iliyofuata alifika kwenye faili la mipangilio. Programu ilitaka ielezwe ichunge mlango upi wa mtandao. Kompyuta ilikuwa na milango miwili. Mmoja uliitwa lo. Wa pili ulikuwa na jina la herufi na tarakimu zilizochanganywa, kama jina la dawa ya mifugo. Mama Chapa aliufikiria ule mrefu kuwa ni kitu cha mafundi, akachagua ule mfupi. Akahifadhi faili. Namba zikaanza kutokea kwenye dirisha jeusi, ndogo, zikipanda na kushuka taratibu.

"Imekubali," alisema. Aligeuka ili amwonyeshe mtu, akakuta kiti kitupu.

Jumapili ilipofika aliweka uso wa mwanawe upande mmoja wa kioo na dirisha jeusi upande wa pili. Waliulizana afya. Walizungumzia kazi ya kijana, na bomba la jikoni linalovuja. Halafu, kama kawaida, uso ukaganda na kupotea.

Akaziangalia namba. Zilikuwa zinaendelea vilevile, shwari, kama maji ya mtungini. Hakuna kilichokatika.

Akakaa akiwaza. Kama mtandao haukukatika, basi kuna mtu aliyekata. Hakumkasirikia. Alikumbuka jinsi kijana alivyopendekeza waandikiane, na sauti aliyoitumia, sauti ya mtu anayemvusha mgonjwa barabara. Katikati ya wiki ujumbe ukaingia: Mama, hujambo? Akajibu: Sijambo. Jumapili iliyofuata simu ilipoita, aliweka mikono mapajani akaiacha iite hadi ikachoka. Ikaita tena. Akaiacha tena.

Kesho yake Fundi Waya alipita kumletea chaja aliyoitengeneza.

"Ile programu imekubali?"

"Imekubali. Bora ingekataa."

Akamweleza. Fundi akaomba aione. Aliinama mbele ya kioo, akajikuna kisogo.

"Mama, huu mlango hautoki nje."

"Kivipi?"

"Huu ni wa ndani kwa ndani. Kompyuta inajipigia hodi, halafu inajikaribisha yenyewe. Hata wakikata nyaya za mtaa mzima, humu maongezi yataendelea."

Mama Chapa aliziangalia zile namba shwari. "Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa nasikiliza mashine ikijisemea."

"Wengi huanzia hapo, usijali."

"Wengi hawakumwachia mtoto wao simu ikiita."

Fundi akavuta kibodi karibu. Akataka kumrekebishia, lakini mama akamwondolea mkono kwenye vitufe. Alifungua faili mwenyewe, akaandika lile jina la dawa ya mifugo, herufi ndogo, bila nukta. Safari hii namba ziliruka, zikaanguka, zikaruka tena. Zilikuwa na wasiwasi wa kitu kilicho hai.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku zote alingoja kupigiwa, asije akamkuta mwanawe kazini. Sasa akapiga yeye.

"Mama? Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Nataka unisemeshe mpaka mtandao ukatike."

"Nikusemeshe nini sasa?"

"Chochote. Hesabu hata magari."

Kijana akacheka, akaanza kumweleza kuhusu lifti ya ofisini kwao inayosimama katikati ya ghorofa. Namba kwenye dirisha jeusi zilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kuziona. Ghafla zikawa sifuri, sifuri, sifuri, na uso ukaganda.

Fundi Waya tayari alikuwa amegeukia rafu ya ukutani, ilipokaa ruta, kile kisanduku kinacholeta intaneti. Taa zake zilizimika zote, kisha moja ikaanza kupepesa. Akaingiza mkono chini ya kitambaa kilichoifunika, akautoa haraka.

"Mama, hiki kitambaa ni cha nini?"

"Cha vumbi." Alikuwa amekifuma mwenyewe kwa sindano. Alikuwa amefumia redio, televisheni, mtungi wa gesi, na kila kitu ndani ya nyumba ile kisichoweza kukataa.

"Ruta inapumulia hivi vitundu. Umeivalisha sweta, ikipata moto inazirai."

"Mbona siku nyingine haikatiki?"

"Siku nyingine unaibebesha nini? Salamu na hali ya hewa. Picha ya mwanao ndiyo inayoitoa jasho."

Jumapili ruta ilikuwa wazi rafuni, na simu ikaja kwa saa yake. Waliulizana afya. Kazi. Bomba. Nani kaoa, nani kafariki. Wakafika pale ambapo siku zote uso uliganda, wote wawili wakangoja. Haukuganda.

"Leo mtandao mzuri," kijana akasema.

"Mzuri."

Wakatazamana. Mwanawe akatupa macho pembeni, akayarudisha. Kumbe kukatika ndiko kulikokuwa kukiwamalizia maongezi, na sasa hapakuwa na wa kumlaumu.

"Basi, mama..." kijana alianza.

"Jumapili ile nilikusikia ukipiga," akamwahi. "Niliiacha iite. Nilidhani ni wewe unayekata."

Kijana akasogeza simu karibu na uso. Namba ziliendelea kupita.

"Sikuwahi kukata," akasema. "Lakini ikikatika kuna siku nilishukuru. Si kwa ajili yako, mama. Sina habari za kukupa. Natoka kazini, nafunga mlango, basi."

"Mimi pia sina. Ningekuwa nazo ungenikuta nakungojea?"

Akatabasamu kidogo. "Sasa tufanyeje?"

"Ukiachana na mimi huwa unafanya nini?"

"Napiga pasi mashati ya wiki."

"Kapige."

"Na simu je?"

"Iache hapo."

Aliiegemeza juu ya kitu, na mama akabaki kutazama dari na kipande cha pazia. Hakuwahi kuiona dari ya chumba kile. Ilikuwa na doa la maji karibu na taa. Akaenda kuchukua sinia la maharage, akaketi mbele ya kioo akiokota mawe. Kule pasi ilivuta pumzi, ikatoa mvuke. Hakuna aliyezungumza, lakini kwenye dirisha jeusi namba kubwa ziliendelea kuingia na kutoka.

Baadaye akasikia kijana akiguna.

"Nini?"

"Kifungo kimeng'oka."

"Uzi unao?"

"Sina."

"Nunua kesho. Mweupe na mweusi."

"Haya."

Pasi ikarudi kazini. Nje kulianza kuingia giza, naye hakuinuka kuwasha taa.