Madame Eulalia Alishakufa

Jioni Madame Eulalia alipogongwa na lori, wanawake wa mtaa wao huko Kapata, mjini Kolwezi, walilia kwa sauti. Mchi ulisimama ndani ya kinu. Mama Josée, jirani wa ukuta kwa ukuta, alijipangusa machozi kwa mkono uliojaa sombe, yale majani ya muhogo waliyokuwa wakiyatwanga, akabaki na paji la uso la kijani. Akasema huyo mama mkwe alikuwa mchawi, sawa, lakini hata mchawi haombewi kifo cha namna hiyo. Aliyeshangaa kuliko wote ni Mama Florentine, kwa sababu yeye ndiye aliyemuua, dakika ile ile, alipoona hadithi imeanza kupoa.

Madame Eulalia hakuwa mtu wa Kapata. Alikuwa wa kwenye televisheni, katika tamthilia ya ng'ambo iliyotiwa Kifaransa, yenye nyumba kubwa, farasi, na watu wanaofungua milango polepole. Tamthilia yenyewe ilionyeshwa mchana, wakati wanawake wa mtaa wako sokoni wakipigania wateja. Florentine peke yake alikuwa nyumbani, maana magoti yake yalikwisha kustaafu biashara. Basi alikuwa akitazama kwa niaba ya wote, na jioni, wakitwanga sombe mbele ya nyumba yake, akiwasimulia. Kifaransa alikuwa nacho cha masista, na ulimi alizaliwa nao. Wanawake walisema afadhali kumsikiliza Florentine kuliko kuona kwa macho, na hawakuja mikono mitupu: huyu konzi ya unga, yule samaki wakavu wawili.

Halafu televisheni ikaungua. Umeme wa Kapata huondoka unapotaka na hurudi na hasira, na siku hiyo ulirudi na hasira kubwa. Kile chombo, ambacho marehemu mumewe Badibanga alikinunua kwa malipo yake ya mwisho ya kampuni ya mgodi, kilitoa moshi mwembamba na harufu ya mpira, kikanyamaza. Florentine alikifunika kwa kitambaa cha kufuma na hakumwambia mtu.

Si kwamba alipenda uongo. Aliogopa jioni. Tangu wamzike Badibanga, hakuna saa aliyoichukia kama ile ambayo mwanga unaondoka na mtu anabaki na sahani moja. Wanawake wakiwapo, saa hiyo ilipita bila yeye kuiona. Ndiyo maana alitoa kigoda chake nje kama kawaida, na walipomuuliza leo imekuwaje, akafungua kinywa na kusimulia asichokiona. Kikatoka vizuri. Kusema haki, kikatoka vizuri zaidi. Baada ya miezi michache alikuwa amemwozesha Fabricia, yule binti maskini, kwa Docteur Ramiro, mwana wa Madame Eulalia, na harusi ile ilibishaniwa sokoni mpaka nyanya zikaoza. Maneno yakimwishia alikuwa na dawa moja tu: "Pale pale, courant ikakatika!" Hakuna aliyebisha. Katika Kolwezi unaweza kumtilia shaka hata mchungaji, lakini si mtu anayekwambia umeme umekatika.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakufika Kapata. Njia ya Florentine ilikwisha kupita masika nzima na bado ilikuwa inaendelea, na hata binamu wa mmoja wao alipotoka mtaa wa Musonoi akidai kwamba kwao Madame Eulalia yu hai na mzima, Josée alimjibu kwamba kwao vumbi la mgodi limeingia kwenye waya.

Aliyekuja kuharibu mambo ni Guelord, kijana wa nyumba ya mkabala, mnunuzi wa madini mikononi mwa wachimbaji. Wiki moja mambo yalimnyookea, akarudi kutoka mjini na televisheni bapa, pana kama mlango, pamoja na dekoda, na paneli ya jua ili asimpigie magoti mtu wa umeme. Alikuwa amemwoa Glodie juzijuzi, msichana aliyemaliza shule na kuanza kupiga miayo, na alitaka miayo hiyo ikome. Dekoda ile ilirudia tamthilia kila jioni. Guelord, mkarimu kama watu wote wenye kitu kipya, akaalika mtaa mzima.

Florentine alizipokea habari hizo roho ikiwa mkononi. Lakini kutokwenda kungekuwa kukiri, akajikaza kisabuni, akavaa kitenge chake cha kanisani, akaenda kuketi nyuma kabisa.

Kiti cha mbele alipewa Tata Mpoyi, na hapo lazima tumweleze mzee huyu, maana mtaa mzima haukununua kitu bila yeye. Alikuwa mtunza ghala wa kampuni maisha yake yote, na elimu aliyotoka nayo huko ilikuwa moja: kitu cha kweli ni kizito. Watu walikuwa wamekwisha kuumwa sana na bidhaa za kopi. Kulikuwa na simu ya kamera nne ambayo tatu zilikuwa za kuchorwa. Kulikuwa na betri ya kuchajia simu, nzito ajabu, ambayo Mpoyi aliipima kiganjani, akafumba macho, akatamka: "Original." Ilipopasuka walikuta imejaa mchanga. Mchanga, katika mji ambao malori yake yanabeba usiku na mchana mawe ya kutengenezea betri za dunia nzima! Mpoyi hakutikisika. Alisema mchanga wenyewe ulikuwa original, kilichokosekana ni betri. Heshima yake ikabaki pale pale.

Kioo kikawaka. Muziki, farasi, nyumba kubwa. Kisha mwanamke wa nywele nyeupe akatokea kwenye ukumbi, akimimina kahawa, na kijakazi akamwita kwa jina: Madame Eulalia.

Josée akainuka nusu kwenye kiti chake.

"Uyu si njo alikufaka?" akauliza Josée.

"Tulimuliaka," mwingine akasema. "Mi nilikosaka hata kula bukari."

Vichwa vyote vikageuka nyuma. Wote walimtazama Florentine. Neno moja tu lilitosha: jamani, televisheni yangu iliungua zamani. Wangecheka, wangemtania mwaka mzima, na jioni iliyofuata wangevuka barabara kwenda kwa Guelord, na nyingine, na nyingine. Aliiona sahani yake moja.

"Mi nilionaka na macho yangu," akasema. "Lori ilimupita juu."

"Lakini Mama," akasema Glodie kwa adabu, "eko mbele yetu. Anakunywa kafe."

Pengine ungetokea ufafanuzi wa heshima, lakini wakati huo huo kijakazi akatangaza jina la Ramiro, naye Ramiro akaingia ukumbini amevaa kanzu ya padri. Ikawa fujo. Padri? Wao walikwisha kumwozesha! Fabricia alikuwa na mimba yake! Mwanamke mmoja akafunika macho ya binti yake asione uchafu huo. Katika kelele zile Tata Mpoyi akainuka, akaomba nafasi, akashika kona ya televisheni kwa vidole viwili. Televisheni ikanyanyuka.

Mzee akamtazama Guelord kwa huruma ya kweli.

"Mutoto yangu, balikudanganya. Iyi kitu haina uzito. Ni copie."

"Copie namna gani, Tata? Picha si inaonekana?"

"Picha njo inaonekana, lakini ni picha ya bubeshi, ya kudanganya. Télé ya copie itakuletea nini? Série ya copie."

Basi kila kitu kikaeleweka, na watu wakapumua. Guelord peke yake hakupumua. Alikuwa mtu aliyewahi kuuziwa magunia ya mawe matupu kwa bei ya shaba, na tangu siku hiyo hakuogopa kifo wala polisi, aliogopa kufanywa mjinga tu. Alimgeukia Florentine. "Mama, wee njo unajua hii série. Sema kweli. Ni ya bubeshi?"

Florentine alitazama sakafu. "Mi si fundi wa télé," akasema. "Lakini ile nilionaka, haikukuwaka namna hii."

Glodie alimtazama muda mrefu.

Hadithi ingeishia hapo, na Florentine angetembea kifua mbele, kama asingefanya kosa moja: aliinua macho akaangalia kioo. Tamthilia ilikuwa tamu. Alikuwa ameisahau kabisa. Madame Eulalia wa kweli alikuwa mbaya kuliko wake na mzuri kuliko wake, na alivyokishika kile kikombe ulijua kuna jambo analificha tangu ujana. Florentine, aliyemuua kwa lori, aliona haya kama mtu aliyemchinja kuku wa jirani kisha akagundua alikuwa anataga.

Jioni zilizofuata wanawake walibaki kwenye kinu chake, kwa uaminifu, wakimsimanga Guelord na kopi yake. Florentine aliwasimulia harakaharaka, mambo mepesi mepesi, kisha akasingizia magoti na kuwaaga. Wakishatawanyika alivuka barabara.

"Nakuja kuchunguza hiyo copie," akamwambia Glodie.

"Karibu, Mama. Tuichunguze."

Wakaichunguza wao wawili, bega kwa bega, wakila karanga. Waligundua kwamba Fabricia alikuwa mtoto wa kuokotwa. Waligundua kwamba Madame Eulalia anajua aliyemzaa. Florentine akawa analala akiliwaza jambo hilo, na akiamka analiwaza, na mchana alipokaa na kile kitambaa cha kufuma mbele yake aliitazama saa kama msichana anayesubiri barua. Alikuwa na furaha, na alijua, na ilimchoma kuwa hawezi kumwambia mtu.

Ikafika jioni ambayo Madame Eulalia aliugua. Akamwita Fabricia kitandani, akamkamata mkono, akasema, "Mwanangu, ni lazima ujue. Mama yako ni..."

Mlango ukafunguka. Guelord aliingia na wanaume wawili na kamba. Mwenye duka alikuwa amekubali kuibadilisha, lakini leo tu, kabla hajabadili mawazo. Akachomoa waya, na kioo kikawa cheusi.

"Ngoja kwanza!" Florentine akapiga ukelele, akasimama kama mtu asiye na magoti mabovu.

"Ningoje nini, Mama?" Guelord alishangaa kweli. "Wee mwenyewe si ulisema ni ya bubeshi?"

Hapo palikuwa na jibu, jibu la maneno matatu, na Florentine alilijua. Nje alisikia Josée akicheka na wenzake mlangoni pake. Akaketi tena. Televisheni ikapita mbele yake, nyepesi, ikibebwa na mtu mmoja, kamba wala haikuhitajika.

Walichorudi nacho ni televisheni ya zamani, ya mgongo mrefu, ambayo mwenye duka alikuwa amekata tamaa ya kuiuza, na dekoda akabaki nayo yeye. Wanaume wawili waliibeba wakihema. Tata Mpoyi alijaribu kuinyanyua, akashindwa, uso wake ukajaa nuru. "Iyi sasa njo original," akasema. Ilishika stesheni moja tu, ya mhubiri, naye alikuwa wa rangi ya kijani.

Jioni iliyofuata Florentine alisimulia jinsi Fabricia na mumewe daktari walivyokwenda kuweka maua kwenye kaburi la Madame Eulalia. Josée alilia tena. Walipoondoka, Glodie alibaki, amesimama kando ya kinu.

"Mama, alitaka kusema mama yake ni nani?"

"Nani?"

"Madame Eulalia."

Florentine alitazama barabara huku na huku. "Madame Eulalia alishakufa."

"Ninajua, Mama. Lakini kama hangekufa." Glodie akashusha sauti. "Niambie tu. Hata ya copie."

Florentine akafungua kinywa. Yeye aliyeua, akaozesha, akazalisha, yote katika kutwanga kinu kimoja cha sombe, sasa alimtafuta mama wa Fabricia. Akamjaribu mpishi. Akamjaribu sista mkuu. Akamjaribu hata Madame Eulalia mwenyewe. Kila mmoja alipomnyanyua, alinyanyuka kwa vidole viwili. Alitaka kujua, alitaka mpaka kifua kikamuuma, na aliyeufunga mlango ule ni yeye. Toka ng'ambo ya barabara mhubiri wa kijani alikuwa akifoka.

"Pale pale," akasema mwishowe, "courant ikakatika."

Glodie hakucheka. Alivuta kigoda, akaketi karibu naye, nao wakangoja, kana kwamba umeme utarudi.