Kikopo cha Mkwe

Mama alishuka kutoka Mbaga ameshika kiuno, homa inamchemsha, na mimi kwa kiherehere changu nikamwambia asiwe na wasiwasi: mkojo wake ungepimwa na mkwe wake mwenyewe. Nilisema kwa maringo. Mume wangu Sadock ndiye anayeotesha na kutambua bakteria kwenye maabara ya hospitali moja hapa Same, na mimi napenda watu wajue.

Kwetu mama na mkwe wake huoneana haya. Sadock akiwa sebuleni, mama hula jikoni. Hata mkono hawajawahi kupeana. Halafu mimi namtuma ampelekee mkojo! Lakini nilikuwa na haraka ya kufungua duka. Nikamwachia kikopo, nikaenda zangu.

Alikipeleka mwenyewe, amekifunga ndani ya kitenge kama kitu cha wizi. Sadock alikipokea huku akitazama ukuta.

Jioni ile mume wangu hakula. Majibu yalipotoka, alisema chini ya darubini ameona bakteria wa mviringo waliojikusanya mafungumafungu, na wakiguswa na ile dawa ya kusafishia vidonda wanatoa povu. Daktari akaandika dawa ya hao. Mama akaimeza bila kuruka hata dozi moja, na homa ikazidi kupanda.

Jumapili, wenzetu wakiwa kanisani, alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Akanishika mkono.

"Careen, ule mkojo haukuwa wangu."

"Wa nani, mama?"

"Nilichota kwenye poti ya Chiku."

Chiku ni binti yangu, bado ananyonya.

"Ningempaje mkwe uchi wangu kwenye kikopo?" akasema. "Baba Chiku asijue. Nakuomba, mwanangu."

Nilitaka kumfokea. Nikaishia kulia, maana kikopo nilimpa mimi, na maringo yalikuwa yangu.

Tulimkimbiza hospitali kwa bajaji. Safari hii nesi alisimamia mwenyewe mkojo wa kweli ukipatikana, na Sadock akauotesha. Daktari alisema ugonjwa umeshafika kwenye figo, na tungechelewa kidogo tungekuwa tunachimba kaburi. Kwenye sahani ya kuoteshea waliota bakteria wa aina moja tu. Chini ya darubini walikuwa vijiti vyekundu, na Sadock alipowadondoshea dawa ya kupimia kwenye kichupa, pete nyekundu ikajitokeza juu. Hao ndio waliokuwa wanamtafuna mama. Wakambadilishia dawa, ikapitishwa kwenye dripu, na homa ikaanza kushuka.

Mama alipopata nguvu ya kukaa, Sadock alikuja wodini. Alisimama mlangoni, koti lake jeupe amelivua, amelishika mkononi.

"Shikamoo, mama."

Mama akajifunika kitenge usoni. "Marahaba, baba Chiku. Nisamehe. Kile kikopo cha kwanza nilikudanganya."

Nikashusha pumzi. Nilijua atasema yameisha, mama, tugange yajayo. Ndivyo alivyo.

"Nilijua, mama," akasema.

Nikageuka kumtazama.

"Mkojo uliotoka sasa hivi huwa wa moto. Ule ulikuwa wa baridi. Na kwenye sahani wakaota wa kila aina, vurugu tupu. Ikiwa hivyo, sheria yetu ni kuukataa na kuomba mwingine." "Nikaona aibu kukuomba tena. Nikachagua aina moja, nikaiandika."

Mama akashusha kitenge. Tangu Sadock anioe sikuwahi kumwona akimtazama machoni. Siku hiyo alimtazama.

"Ulijua," akasema taratibu, "ukaniacha nimeze?"

Nilitamani Sadock ajitetee, na nilitamani asithubutu. Alilikunja lile koti jeupe, akalikunja tena, mpaka likawa dogo la kufichika kwapani.