Luqman Hushuka Jumamosi

Kila Jumamosi saa kumi alasiri, Dadi aliketi juu ya kreti la soda kando ya shuka nyeupe, akafunga leso kwenye kipaza sauti, akaanza kutafsiri. Banda lake la video lilikuwepo Ujiji tangu enzi za kanda, enzi tamu zile ambapo watu waligombea benchi na harufu ya samaki aina ya migebuka wa kukaanga iliingia bila kiingilio. Siku hizi kila mtu ana sinema yake mfukoni. Waliobaki walifuata sauti ya Dadi, maana peke yake alikuwa jambazi, bibi harusi na helikopta.

Alikuwa na sharti moja: hafi mtu bila jina. Katika sinema za wenzetu watu wa nyuma huanguka kama maembe, na hakuna anayeuliza walikuwa nani. Dadi aliwapa majina ya mtaani. Mwinshehe muuza mihogo alikuwa ameuawa mara nne, na kila mara alicheka kuliko wote.

Jumamosi hiyo ilikuwa sinema ya mpakani. Stelingi, yaani mhusika mkuu, alikuwa kamanda anayelinda mto, na maskini walivuka na mafurushi kichwani. Mmoja alivaa shati la bluu, bega la kushoto limeinama. Majina yalikuwa yamemwishia Dadi, na hamu ikamzidi. Akamwita Luqman.

Luqman alikuwa mdogo wake, tumbo moja, na bega lake la kushoto liliinama vilevile. Miaka kumi na moja iliyopita ulipita msako wa wageni, watu wakaulizwa makaburi ya babu zao yako wapi. Dadi alikuwa Ilagala kununua dagaa, hakuulizwa. Luqman alikuwa nyumbani, akasema kweli: babu alifia safarini, amezikwa ng'ambo ya ziwa. Askari wakampandisha boti kumpeleka huko, na tangu hapo hakuonekana.

Mwenye shati la bluu aligeuka. "Labeka, kaka," alisema, akashuka kutoka kwenye shuka, maji yakimchuruzika magotini. Watu wakasogea kumpisha kwenye benchi. Skolastika, muuza kahawa, akammiminia kikombe.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekonda, mdogo wangu."

"Kule tunakimbia sana."

Dadi alimwambia kitanda chake kipo, na chandarua kipya. Nyuma yao stelingi alikuwa anapekua matete, bunduki mkononi, na sinema haikusogea.

Edson, afisa uhamiaji kijana aliyehamishiwa mpakani kutoka mbali, aliinuka kutoka benchi la mbele. Hakukosa Jumamosi hata moja. Alikuja taratibu, kofia kwapani.

"Shikamooni. Kuuliza si ujinga. Babu alizikwa wapi?"

"Ng'ambo," alisema Luqman, ambaye hakuwahi kujifunza kudanganya.

"Babu huyo ni wangu pia," alisema Dadi.

"Wewe mzee jina lako halimo kwenye orodha ya wageni." Edson alionekana kusikitika kweli. "Akibaki, Jumatatu nitampandisha boti. Akirudi kwenye sinema, mimi sijamwona."

Luqman alimaliza kahawa yake. "Boti nimeshapanda," alisema. Akamshukuru Skolastika, akapanda tena kwenye shuka, akaingia mtoni.

Dadi alishika kipaza sauti. Stelingi alifungua kinywa kutoa amri, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini Dadi akaisaliti tafsiri. "Mwacheni apite," stelingi akasema kwa sauti ya Dadi. "Kwao ni Ujiji. Mama yetu ni mmoja."

Kisha stelingi akainua bunduki. Mtafsiri hupewa mdomo, hapewi bunduki. Luqman alianguka palepale alipotakiwa, na banda likapiga makofi, kwa kuwa shabaha ilikuwa nzuri. Waliopiga ni pamoja na wenye babu zao ng'ambo, nao si wachache.

Tangu hapo Dadi huweka sinema ileile, na Luqman hushuka kila Jumamosi, saa kumi na moja kasoro robo. Hunywa kahawa, huuliza nani kaoa na nani kafa. Edson humuuliza kaburi, hujibiwa, husema pole. Kisha stelingi huamuru kwamba Luqman aachwe apite. Wote wanajua si amri yake, na hakuna aliyewahi kumsahihisha Dadi. Husubiri risasi, hupiga makofi, hutoka. Skolastika huosha kile kikombe na kukitundika kwenye msumari wake.