Sehemu ya Juu ya Mwili

Jumatano asubuhi Henna Karvonen alikuwa nje anakwangua barafu kwenye kioo cha gari, vidole vimekufa ganzi, miguu ya mumewe ilipotoka mlangoni, ikashuka ngazi na kukaa kiti cha abiria. Ilikuwa imevaa suruali ya mazoezi ya klabu. Kutoka kiunoni kwenda juu hapakuwa na kitu. Henna aliifunga mkanda pale ulipofungika, kisha akarudi ndani kumwambia Jouni kwamba kahawa iko kwenye chupa.

Jouni, yaani nusu iliyobaki, alikuwa amewekwa juu ya mto kwenye meza ya jikoni, mapazia yamefungwa. Tangu Jumamosi mwanga ulikuwa unamuumiza.

"Imeshatoka?" aliuliza.

"Imo garini. Inanisubiri kama bosi."

Jouni ni beki wa Hauki, klabu yetu ya hoki ya barafu hapa Lehtokoski. Jumamosi alikimbilia kisahani, kile kinachochezewa badala ya mpira, kilichotupwa kwenye kona ya uwanja. Hiyo ndiyo kazi ya beki: kufika wa kwanza, akiwa amewapa mgongo watu wanaomjia kwa kasi, huku anajua vizuri watakachomfanya. Ameifanya kazi hiyo tangu ujana, na sasa ndevu zina mvi. Safari hii walimbamiza kichwa kwenye kioo cha ukingo, kama walivyombamiza msimu uliopita, na mwingine kabla ya huo. Daktari wa hospitali ya mji alimwambia Henna waziwazi, wamesimama kwenye korido, kwamba kichwa kile kikiendelea kutikiswa, mwenyewe atafika mahali asijue yuko kwa nani.

Jumatano hiyo kabla hakujapambazuka klabu ilitoa taarifa redioni. Jouni Karvonen, ilisema, ana jeraha la sehemu ya juu ya mwili. Jouni alikuwa anapaka siagi kwenye mkate. Akagawanyika kiunoni pasipo damu wala kelele, kama droo inayochomolewa kabatini, na miguu ikaenda kutafuta soksi.

Katika mchezo huu hakuna mtu anayetaja jeraha kwa jina, wapinzani wasije wakajua pa kupiga. Kwa hiyo majeraha yako mawili tu duniani. Kifundo, goti, nyonga: sehemu ya chini. Kidole, ubavu, kichwa: sehemu ya juu. Hata watoto wa chekechea hapa wakiangukia pua hukwambia wameumia sehemu ya juu. Tungeweza kucheka, ila kuna sheria ya ligi: pakiandikwa kichwa, mchezaji anasimamishwa mpaka apimwe na daktari asiye wa klabu. Pakiandikwa sehemu ya juu, klabu inaamua yenyewe. Henna alitaka waandike neno moja tu, na kwa ajili hiyo Alhamisi aliipeleka miguu mpaka ofisini kwa meneja, Keijo Hyttinen.

"Henna, karibu. Kahawa?"

"Sitaki kahawa. Andika kichwa."

"Tumeandika sehemu ya juu."

"Na kichwa kiko wapi, Keijo? Kwenye soksi?"

"Si ndiyo nakwambia tumeshaandika?" Hyttinen aliitazama miguu, iliyokuwa imekaa kitini inatikisa goti kwa kukosa subira. "Hii haina tatizo. Daktari wetu ameipima, na ina mkataba mpaka theluji iyeyuke. Aliyeumia ni yule wa nyumbani. Apumzike tu, mpe salamu zetu."

"Hii ikipigwa, yule wa nyumbani anaumia! Jana kwenye mazoezi imeteleza tu, kule mezani kamwaga maziwa."

"Hilo klabu haina taarifa nalo."

"Mimi ndiyo taarifa! Unafikiri nimekuja kukuangalia sura?"

"Usipandishe sauti, Henna. Vijana wanakunywa chai."

Miguu iliinuka ikaenda mazoezini bila kuaga.

Mechi iliyofuata waamuzi walifungua kitabu cha sheria na kukisoma palepale kwenye barafu. Walikuta kwamba mchezaji sharti awe na viatu vya barafu na namba. Viatu ilikuwa navyo. Namba ikashonwa kwenye makalio ya kaptula. Kuhusu kofia, sheria inasema ivaliwe kichwani, na kwa kuwa kichwa hakikuwepo, hakuna kosa. Gongo la kuchezea haikuwa na pa kulishikia, lakini ilizuia mikwaju kwa ugoko na mapaja, haikumjibu kocha, haikumtukana mwamuzi. Kocha alisema Karvonen hajawahi kuwa na msimu mzuri namna hii. Sisi mashabiki, ambao hatuna haya, tulisema amekomaa.

Kila miguu ilipogongwa ukutani, Jouni alishtuka pale mezani na kitu kikamtoka. Kwanza lilimtoka neno kijiko. Halafu jina la ziwa lililo nyuma ya nyumba, ambako ndiko alikojifunzia kuteleza. Henna alimrudishia jina la ziwa, akashukuru. Mechi iliyofuata likaenda tena na jina la mbwa juu yake. Miguu ikirudi nyumbani ilikwenda moja kwa moja sauna, chumba cha kuogea mvuke, ikakaa benchi la juu kabisa, haina habari.

"Angalau vua viatu!" Henna aliipigia kelele. "Nyumba hii si uwanja!"

Aliwapigia simu watu wa ligi, wakamjibu kwa upole kwamba wao hufuata kilichoandikwa na klabu. Alimpigia daktari wa hospitali, akajibiwa kwamba kichwa kimeandikwa, tena kwa herufi kubwa, lakini klabu haisomi vya hospitali. Henna alikata simu akakaa kwenye ngazi kwa muda, amechoka mpaka meno.

Jumapili alikuja mama yake Jouni, Bi Irma, na sahani ya vikate vya wali.

"Uliiona miguu ya mwanangu jana? Ilivyojitupa mbele ya lile kombora!"

"Mwanao ni huyu hapa, mama. Msalimie."

"Si namsalimia. Jouni, umecheza vizuri, baba."

Jouni alisema asante sana, akauliza kama samaki wameanza kupatikana. Nje theluji ilikuwa imefika dirishani.

"Anatania," alisema Bi Irma.

"Hatanii, mama."

Kwenye nusu fainali Henna alikwenda uwanjani mwenyewe. Kisahani kilitupwa kwenye kona, miguu ikakifuata, na watu wawili wakaifuata miguu. Mlio wa ubao wa ukingo ulifika mpaka jukwaa la juu. Henna alisimama akapiga ukelele kwa nguvu zake zote: "Ni kichwa! Andikeni kichwa! Kichwa!"

Wenye bia waliokuwa nyuma yake waliipenda sauti hiyo. "Kichwa!" wakaitikia. Mpiga ngoma wa mashabiki akaipatia mdundo, jukwaa zima likaidaka, na kabla Henna hajamaliza kuwaambia wanyamaze, Hauki wakafunga bao. Baada ya mechi Hyttinen alishuka kumpa mkono. Alikuwa na machozi.

"Siku zote nilijua uko pamoja nasi."

Wiki iliyofuata klabu ilianza kuuza skafu zenye neno hilo, limefumwa kwa sufu ya buluu. Zilikwisha siku hiyohiyo. Taarifa ya majeruhi haikubadilika: sehemu ya juu ya mwili, hali inafuatiliwa siku hadi siku. Miguu iliongezewa mkataba. Nusu ya juu ilitakiwa kuja kuchukua vitu vyake kwenye kabati, lakini haikuwa na namna ya kwenda.

Siku ya fainali Henna alibaki nyumbani. Alikaa mezani na Jouni, anamenya viazi, redio imewashwa kwa sauti ndogo. Uwanja uko ng'ambo tu ya ziwa, kwa hiyo kelele ziliingia kupitia redio na kupitia dirisha, umati mzima kwa sauti moja. Jouni aliinua uso.

"Wanasema nini?"

"Wanasema kichwa."

Alitabasamu kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kuonekana hafuatilii mazungumzo.

"Cha nani?"

Henna aliweka kisu chini. Redioni mtangazaji alikuwa anasema Karvonen amegongwa vibaya lakini ameshainuka, na anaendelea kucheza.