Sababu ya Kuchelewa

"I am late because..." alisema Evaline, na hapo akakwama tena.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa kidato cha pili, tope limempanda hadi kwenye soksi, sweta limelowa ukungu. Darasa zima lilimtazama. Mwalimu Abel alikuwa na sheria moja isiyo na msamaha: mchelewaji haingii mpaka aeleze kwa Kiingereza kilichomchelewesha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mgeni tu Mbulu, kijana aliyeamini kwamba mtoto akishaweza Kiingereza, mengine yote yatajipa.

"'Because' ni ndoo," aliwaambia mwanzoni mwa wiki, akigonga ubao. "Inabeba sababu. Huwezi kuniletea ndoo tupu. 'I am late because', halafu nini? Maji yako wapi?"

Wenzake walicheka, na Evaline akacheka nao, ingawa habari ya maji ilimchoma. Kwao walikuwa hawateki tena kwenye chemchemi ya wote. Mama yake alikuwa amejifungua kabla ya siku zake kutimia, mtoto wa kiume, akalia kidogo, akanyamaza. Katekista alikuja akasali, akasema Mungu amempokea na mambo yameisha. Bibi alimsindikiza hadi nje, akashukuru vizuri tu, kisha akarudi ndani.

"Kwa Mungu yameisha," alisema. "Kwa majirani bado."

Ndivyo ilivyokuwa kwao tangu zamani: nyumba iliyofiwa namna hiyo hujitenga. Watu wake hawaingii kwenye boma la mtu, hawali na mtu, hawasogei penye mjamzito, mpaka wazee waitakase. Siku hizi wengi husema hayo ni mambo ya kale. Husema hivyo wakiwa kanisani. Wakiwa na mjamzito nyumbani, hakuna anayetaka kujaribu.

Bibi alitaka Evaline abaki nyumbani. Mama, sauti yake bado dhaifu, alikataa, maana mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia. Wakakubaliana nusu nusu.

"Nenda," alisema bibi. "Ila usikatize kwenye maboma ya watu. Usile na mtu. Na usiseme. Ukisema, watakurudisha."

Ndiyo maana alizunguka. Njia fupi ilipita uani kwa kina Mary, na mama yake Mary alikuwa mjamzito, tumbo limeshashuka. Evaline alimpenda yule mama, aliyempa uji kila walipotoka shule tangu darasa la kwanza. Je, aliamini maneno ya bibi? Mwenyewe hakujua. Alijua tu kwamba hayuko tayari kubahatisha kwa tumbo la mtu mwingine. Basi kila asubuhi alipanda kilima, akafuata ukingo wa msitu peke yake, akiteleza, huku kengele ya shule ikilia bondeni.

Mary hakujua lolote. Aliona tu kwamba rafiki yake hapiti tena kwao, hagusi mahindi ya kuchemsha anayomletea, na kwenye benchi anakaa pembeni kabisa, nusu ya tako hewani. "Kama umenichoka, sema," alimwambia jana yake, akageuza uso.

"Evaline," mwalimu Abel alisema. "Nimekuvumilia, siku zote hizi ukasimama hapo mlangoni mpaka kipindi changu kikaisha. Leo nataka sababu. Huna, rudi nyumbani uje na mzazi."

Mzazi! Baba na mama walikuwa wamefungwa na jambo lile lile. Akirudi leo, amerudi moja kwa moja. Bibi atasema, si nilisema? Na mtihani watafanya wenzake.

Angeweza kudanganya. Wenzake walisingizia mvua hata jua likiwaka, wakaingia. Mvua ilikuwa imemfika kwenye ulimi tangu mwanzo wa wiki, na kila mara aliimeza. Yule mtoto hakuwa amepewa hata jina. Akisema mvua, ni kama anamzika mara ya pili.

Alimtazama Mary. Mary alikuwa akitazama dirishani.

"I am late because my brother died," alisema Evaline. "I must walk far."

"Good!" mwalimu Abel aliitikia papo hapo, uso umemchangamka. "Mmesikia? Sentensi kamili! Sasa ndoo imejaa. Kaa chi..." Ndipo maneno yenyewe yakamfikia. Mkono wenye chaki ukashuka. "Pole," alisema kwa Kiswahili. "Pole sana. Ni kaka yako?"

"Mdogo wangu, mwalimu. Alizaliwa, akafa."

"Na kwa nini utembee mbali?"

Evaline aliinamisha kichwa. Darasa zima lilikuwa limeshaelewa, isipokuwa mwalimu. Huko nyuma mtu alivuta begi lake. Tluway, aliyekaa karibu na mlango, alirudisha miguu yake chini ya dawati ampishe bila kumgusa.

Akapita, akakaa pale pale pembeni. Mary alikuwa amegeuka sasa, macho yamejaa machozi. Taratibu akajisogeza hadi mwisho wa pili wa benchi, bega likagusa ukuta, mikono ameikunja tumboni kana kwamba mimba ni yake. Evaline aliumia, tena sana, lakini hakumlaumu. Angekuwa yeye, naye angesogea.

Kitabu cha Kiingereza kilikuwa kimoja kwa wote wawili. Mary alikitazama kwa muda. Akafunua ukurasa wa siku hiyo, kisha akakisukuma kwa ncha ya rula mpaka katikati ya dawati, mbele ya nafasi isiyo na mtu. Kila mmoja akainama kutoka upande wake, shingo ameinyoosha, wakaanza kusoma.